Mbeleko ya Chuma

Sekela alishuka ngazi za mlima Loleza akiwa amembeba binti yake mgongoni, na aliyewatazama kutoka mbali angedhani amejitanda khanga tu. Alitembea wima. Mkono mmoja ulishika mkoba wa shule, mwingine uliwapungia majirani waliokuwa wakianika nguo. Hakuhema. Lakini aliyekuwa mgongoni mwake hakuwa mtoto mchanga. Alikuwa Lugano, msichana wa miaka kumi na minne, mrefu kumzidi mama yake, miguu yake ikining'inia kila upande karibu kugusa ngazi.

Kilichomwezesha Sekela ni mtambo aliokuwa ameufunga mwilini, ambao watu wa Mbeya waliuita mbeleko ya chuma, ingawa chuma chake kilikuwa kidogo. Ulikuwa uti wa mgongo wa nje, ulioanzia kisogoni ukashuka hadi kiunoni, ukagawanyika kuwa miguu miwili myembamba iliyofuatana na miguu ya mvaaji mpaka kwenye nyayo, na mabegani ulitoa mikono miwili iliyofuatana na yake. Vihisio vilivyogusa ngozi ya mapaja vilisoma nia ya misuli kabla misuli yenyewe haijasogea. Mvaaji alipotaka kunyanyua mguu, mbeleko ilikuwa imekwisha kuunyanyua. Uzito wote wa mtoto, na sehemu kubwa ya uzito wa mvaaji, ulipita katika uti ule wa nje ukaishia ardhini. Mwili wa mzazi ulibaki kuwa mwongozaji tu.

Mbeya ya wakati huo ilikuwa jiji la ngazi. Nchi ilipoamua kwamba ardhi yote tambarare ni ya chakula, nyumba zilihamishiwa milimani, zikajengwa tuta juu ya tuta hadi pale ukungu unapoanzia. Bonde lote likawa ngano, mpunga na viazi, vikilimwa na matrekta yasiyo na dereva. Mizigo ilipandishwa na roboti wa miguu minne, na wagonjwa walichukuliwa na ndege ndogo zisizo na rubani. Aliyekuwa na miguu mizima hakulalamika sana. Kiti cha magurudumu ndicho hakikuwa na pa kupita.

Lugano alizaliwa na utindio wa ubongo, uliomnyang'anya amri ya viungo vyake ukamwachia akili yake yote. Mwili wake ulikakamaa ghafla, ukalegea, ukakakamaa tena. Walijaribu kumpandisha kwa roboti wa mizigo mara moja. Roboti alipohisi mzigo unaponyoka alikaza mikono, akamtegua mtoto bega. Hawakujaribu tena. Sekela aliujua mkakamao kabla haujafika. Aliusikia katika pumzi ya mwanawe, akalegeza mshiko, akaungoja upite. Jambo hilo hakuna mtambo uliokuwa umefundishwa.

Zamani walimbeba kwa nguvu zao. Alipokuwa mdogo Sekela alimfunga kwa khanga kama mama mwingine yeyote, na hakuna aliyeona tofauti. Watoto wa rika lake waliposhuka migongoni mwa mama zao wakaanza kukimbia, Lugano alibaki, na kila mwaka aliongezeka. Baba yake, Ambakisye Mwaisumo, mwalimu wa jiografia, mtu mwembamba asiyeishiwa mzaha, alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba kuna mlima ambao hukua usiku watu wakiwa wamelala, na yeye hupanda nao mgongoni kila asubuhi. Lugano alipofika miaka minane walikuwa wakipokezana kila tuta. Siku moja ya masika Sekela aliteleza, na ingawa hawakuumia, hakuweza kuinuka naye tena. Walikaa pale kwenye ngazi, mvua ikiwanyeshea, wakingoja apite mtu. Sekela alilia siku hiyo. Alikuwa ameona kitu ambacho hakuwahi kukitazama usoni: yeye anazeeka na mtoto anakua.

Mwaka huohuo alikuja Mhandisi Fidea Sanga. Alikuwa mwanamke wa Makete, mpole na mwenye haraka, aliyeongoza kituo kidogo cha mitambo ya mwili kule bondeni. Alikuwa anatafuta wazazi wa kujaribu uvumbuzi wake. Ambakisye na Sekela walikuwa wa kwanza kupewa mbeleko, moja moja kwa kipimo cha kila mwili. Mhandisi Sanga aliwaeleza kila sehemu, na sehemu aliyojivunia zaidi ni ile aliyoiita fikisha. Mzazi akizirai njiani, alisema, mbeleko haitaanguka. Itaendelea yenyewe hadi ilikokuwa ikielekea, kwa sababu kilicho mgongoni ni mtoto.

Miaka iliyofuata ilikuwa miaka mizuri, na Sekela hakuwahi kuikana hata baadaye. Lugano alikwenda shule. Alikwenda sokoni akachagua mwenyewe maparachichi, kwa jicho na kwa neno. Alihudhuria harusi ya shangazi yake huko Tukuyu, akachezeshwa mgongoni mwa baba yake mpaka watu wakasimama kuwatazama. Nyumbani alihitaji kunyanyuliwa kila mara, kitandani, bafuni, mezani, kwa hiyo Sekela aliivaa mbeleko asubuhi akaivua wakati wa kulala. Aliwahi kumwambia mumewe kwamba amesahau kabisa uzito wa mwanawe. Alisema hivyo kwa furaha.

Jumamosi moja Ambakisye alipanda kigoda kutundika pazia. Hakuwa amevaa mbeleko. Alikuwa akimtania Lugano, akashuka kama anavyoshuka mtu yeyote kwenye kigoda, na mfupa wa paja ukakatika kama muwa. Lugano alikuwa bado anacheka baba yake alipoanguka.

Hospitali ya bondeni walimpiga picha za mifupa, wakazirudia, wakidhani wamezichanganya na za mzee fulani. Kisha wakampima Sekela. Baada ya siku chache Mhandisi Sanga alipanda ngazi kwa miguu yake, akakaribishwa, akapewa chai ambayo hakuinywa.

Alisema kwamba mfupa ni kitu hai. Hujibomoa na kujijenga kila siku, na hujijenga kadiri ya kazi unayopewa; usipopewa kazi, mwili huula taratibu. Waliokaa muda mrefu katika vituo vya angani walirudi na mifupa ya namna hiyo, na yeye alilijua hilo. Alidhani uzito mdogo uliobaki kwa mvaaji, pamoja na saa za kuivua, vingetosha. Havikutosha. Wazazi wengine wawili walikuwa wamevunjika mwezi huo.

"Basi ipunguze," Ambakisye alisema kutoka kitandani. "Mbeleko ibebe nusu, na sisi tubebe nusu."

"Lugano angekuwa bado na miaka minane, ningeipunguza leo hii, mwalimu. Mngebeba kidogo, mwaka unaofuata mngeongeza, na mifupa yenu ingekua pamoja naye. Ndivyo miili ya wazazi ilivyofanya siku zote. Mtoto haongezeki kwa siku moja." Alisogeza kikombe kando. "Mimi niliwaondolea kile kilichokuwa kinawatia nguvu. Sasa hata nusu ya uzito wake itawavunja."

"Na tukiivua kabisa?"

"Kwa dawa na mazoezi mifupa itarudi, polepole, kwa miaka. Lakini kumbeba, hamtambeba tena."

Sekela aliuliza jambo moja tu, kama mifupa yake ni afadhali kuliko ya mumewe. Mhandisi alimjibu bila kumficha kwamba ni mibaya zaidi, kwa kuwa yeye aliivaa kutwa nzima. Uti wake wa mgongo ungeweza kuvunjika kwa kupiga chafya.

"Kesho ana mtihani," Sekela alisema, akaondoa vikombe.

Waliafikiana, mke na mume, kwamba Lugano asiambiwe. Lakini nyumba za tuta lile zilijengwa kwa mbao nyepesi, na binti yule aliyeshindwa kunyanyua kijiko alikuwa na masikio makali kuliko wote. Alifanya mtihani wake. Akamaliza wiki. Jumatatu, Sekela alipokuja na mbeleko mwilini na mikanda mkononi, Lugano alisema, neno moja moja kama ilivyokuwa kawaida yake, kwamba haendi.

"Unaumwa?"

"Nilisikia. Kupiga chafya."

Sekela aliketi kitandani. Alijaribu kumweleza kwamba wahandisi huzidisha maneno ili wasije wakalaumiwa, kwamba kuna dawa, kwamba yeye bado ana nguvu. Lugano alimwacha amalize.

"Mama, usinibebe tena."

"Mimi ndiye niliyekuzaa. Nitajua mwenyewe lini nichoke."

"Mgongo ni wako," Lugano alisema. "Mwili ni wangu. Siutoi."

Sekela alikasirika. Alimwinua kwa mikono ya mbeleko, na hapo Lugano akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mkakamao ambao maisha yake yote ulimjia bila kuitwa, safari hii aliuita. Alikaza mwili wote, shingo, mikono, mapaja, akawa kama ubao, na hakuna mkanda uliofungika. Walibaki hivyo muda mrefu, mama akingoja, mwana akitetemeka kwa kujikaza, jasho likimtoka. Sekela ndiye aliyeachia. Alimrudisha kitandani, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi na mbeleko yake.

Tangu siku hiyo Lugano hakutoka. Alikubali kugeuzwa na kuogeshwa palepale kitandani, na majirani wawili wa kike walikuja kusaidia. Masomo aliyapata kupitia kioo cha ukutani. Mwanzoni wanafunzi wenzake walikuja kumtazama, baadaye wakaja wachache, baadaye wakatuma salamu. Baraza la jiji liliahidi kujenga lifti ya kukwea mlima, likatuma vijana wakapima, wakapiga vigingi vyekundu. Ambakisye alijifunza kutembea kwa magongo. Jioni alimsomea binti yake habari za bahari na majangwa, na Lugano alisikiliza akiwa ameelekea dirishani, ambako hapakuonekana chochote isipokuwa ukuta wa tuta la juu.

Mwili uliolala una adhabu zake. Kwanza vilikuja vidonda vya mgongoni. Kisha, mwezi wa Julai, baridi na ukungu vilipoushika mlima, kifua kilijaa. Lugano alikohoa siku mbili, na asubuhi ya tatu hakuwa na nguvu ya kukohoa. Midomo yake ilibadilika rangi.

Ambakisye aliita ndege ya wagonjwa. Sauti ikajibu kwamba ndege zote zimetua kwa sababu ya ukungu, na kwamba kikosi cha uokoaji kitapanda kwa miguu. Majirani walikuja na machela ya mti, lakini kila walipomlaza Lugano alipaliwa, pumzi ikakatika. Alihema kidogo alipowekwa wima tu, kifua kikiegemea kitu. Sekela aliona hilo. Mbeleko ya kipimo chake isingemfaa jirani yeyote. Akaenda kuivaa mbeleko.

Mumewe alimshika mkono. Alimwambia wangoje kikosi.

"Mtazame, baba Lugano," Sekela alisema. "Mtazame, halafu uniambie tungoje."

Ambakisye alimtazama binti yake, akauachia mkono wa mkewe. Yeye mwenyewe ndiye aliyefunga mikanda, akiwa amepiga magoti kwenye mguu wake mbaya, na Lugano hakuwa na nguvu ya kukaza hata kidole.

Walishuka ndani ya ukungu, jirani mmoja akitangulia na taa, akiwaomba watu wapishe. Sekela alisikia pumzi ya mwanawe sikioni mwake, nyembamba kama uzi. Alijitahidi kuweka nyayo taratibu. Tuta la kwanza lilipita salama, na la pili. Katika ngazi zilizofuata jiwe lilikuwa limeloa, mguu mmoja wa mtambo ukateleza kidogo sana, na mbeleko ikajirekebisha kwa kujipinda kiunoni, haraka, kama ilivyoundwa kufanya. Kiuno cha Sekela kilipindwa nayo.

Sauti haikuwa kubwa. Jirani aliyetangulia hakuisikia. Sekela alihisi moto ukishuka mgongoni, kisha akahisi kwamba chini ya kiuno hakuna kitu tena, si maumivu wala miguu. Alijua. Alingoja aanguke, akanyoosha mikono nyuma amshike mtoto, lakini hakuanguka. Mbeleko ilisimama kitambo kifupi, ikitafuta nia ya mapaja yake bila kuipata. Kisha ikaendelea kushuka yenyewe.

Ilimchukua hivyo mlima mzima. Miguu yake ilitembea, na haikuwa yeye aliyeitembeza. Watu waliokuwa wakipanda walijibanza ukutani kuwapisha, wakampa pole ya mgonjwa, na Sekela aliwaitikia kwa kichwa kwa sababu hakutaka mtu yeyote awasimamishe.

Hospitalini walimfungua Lugano, wakamwekea hewa, na kabla ya mchana midomo yake ilirudi rangi yake. Sekela hawakuweza kumfungua. Daktari alipoona picha alikataza mtu kugusa hata mkanda mmoja, maana uti ule wa nje ndio pekee uliokuwa unashikilia uti wa ndani. Kwa hiyo alibaki amesimama katikati ya chumba, wima kabisa, kutwa nzima, kichwa tu kikiinama kwa usingizi wa dawa, hadi madaktari wa mifupa walipopatikana. Mhandisi Sanga alifika akamkuta hivyo. Alikaa sakafuni mbele yake, akashika vifundo vya miguu ambavyo mwenye navyo hakuhisi vikishikwa.

Sekela aliishi. Hakusimama tena. Baraza la jiji, kwa aibu au kwa huruma, liliwapa nyumba kwenye tambarare karibu na hospitali, yenye milango mipana na winchi za darini za kuwahamishia wagonjwa vitandani. Mama na binti walilazwa chumba kimoja, na Ambakisye, kwa magongo yake, alienda kutoka kitanda hadi kitanda. Kwa muda mrefu Lugano hakusema na mama yake. Alijibu alipoulizwa kama anataka maji, basi. Sekela hakumlazimisha.

Siku moja Ambakisye alipokuwa ametoka kwenda dukani, Lugano aligeuza kichwa.

"Nilisikia ulipovunjika. Sikio langu lilikuwa hapohapo."

"Pole, mwanangu."

"Sikukuomba."

"Hukuniomba," Sekela alisema. "Wala kuzaliwa hukuniomba. Hayo yote ni yangu."

"Si yako peke yako," Lugano alisema, akalia, na mama yake aliyekuwa hatua chache kutoka kwake hakuweza kwenda kumfuta machozi. Waliyaacha yakauke yenyewe.

Mwaka uliofuata Mhandisi Sanga alikuja kuomba jambo. Kituo chake kilikuwa kimeunda mbeleko mpya, ambayo humwachia mzazi sehemu ya uzito na kuiongeza kadiri mtoto anavyokua. Ingewafaa wenye watoto wadogo. Lakini wazazi wengi hawakutaka kuivua ile ya zamani, kwa sababu mpya ilichosha. Alitaka wamwone Sekela.

Walikusanyika katika ukumbi wa bondeni, akina mama na akina baba, watoto wakiwa migongoni mwao. Kitanda cha Sekela kilisukumwa mbele, na cha Lugano kikawekwa kando yake. Sekela hakuzungumza sana. Aliwaambia wenye watoto wadogo wawabebe wenyewe sasa wakiwa wepesi, wachoke, walale na maumivu ya kiuno, kesho waamke wawabebe tena. Alisema uchovu ule ndio uliokuwa unamjenga, naye aliushukuru mtambo kwa kumwondolea. Baba mmoja kijana alifungua mikanda palepale, akamtoa mwanawe wa miaka mitatu, akampakata kwa mikono yake, akayumba, akacheka kwa aibu. Wachache walimfuata.

Ndipo mwanamke mmoja nyuma kabisa aliposimama. Alijitambulisha kuwa mama Tusekile. Binti yake alikuwa na miaka kumi na miwili, miguu mirefu, kichwa kimelalia bega la mama yake.

"Nimekusikia, dada," alisema. "Na sisi ambao wamekwisha kuwa wazito?"

Mhandisi Sanga alitazama mikono yake. Sekela alifungua kinywa, akakifunga, kwa kuwa jibu alilokuwa nalo lilikuwa kwamba yeye angeshuka tena, na hakuwa na haki ya kumpa mtu mwingine jibu kama hilo.

Lugano ndiye aliyejibu, polepole, na watu walilazimika kungoja kila neno.

"Muulize yeye."

Mama Tusekile alishtuka kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika nyumba anayoishi. Aligeuza shingo, lakini aliyebebwa mgongoni haonekani uso na anayembeba. Akaligeukia dirisha la ukumbi, akamtafuta binti yake kwenye kioo, akamuuliza kwa sauti ya chini anataka nini.

Tusekile alifikiri. Alikuwa amechoka, na watu wote wale walikuwa wakimtazama.

"Nataka kwenda nyumbani," alisema.

Nyumbani kwao kulikuwa juu, karibu na ukungu. Mama yake aliitikia kwa kichwa, akakaza mikanda, akatoka.